Nyama ya Wathesalonike

Bathsheba mke wa Ombui alijua kuandika neno moja tu, nalo ni jina lake. Alijifunza mwaka wa hamsini na tisa, kabla ya kubatizwa mtoni. Karani wa kanisa alikuwa amefungua kitabu kikubwa juu ya meza, na kando yake kidau cha wino, akawaambia wanawake wasiojua kuandika watie kidole gumba. Wenzake kumi na mmoja wakatia. Bathsheba akaurudisha mkono wake ndani ya leso.

"Kidole changu ni cha kazi," alisema. "Hakikuja hapa kupakwa rangi."

"Sasa jina lako litaingiaje kitabuni, mama?"

"Litaingia nikilileta."

Akaenda kwa rafiki yake Gesare, aliyefika darasa la tatu, akamwomba amchoree lile jina. Karatasi hawakuwa nayo. Gesare akachukua mwiba akaliandika kwenye shina la mgomba, na utomvu ulipokauka herufi zikageuka nyeusi, zikasomeka vizuri kuliko za karani. Kwa wiki tatu Bathsheba alizinakili. Migomba yote ya nyuma ya nyumba ikawa na jina lake, mingine na nusu ya jina. Kisha akarudi kanisani, akakaa mbele ya kitabu asubuhi nzima huku mchungaji na watu wakimngoja kule mtoni, na akainuka alipomaliza. Ukitaka kumjua Bathsheba, anzia hapo. Katika kitabu kile, jina lililoandikwa na mwenyewe miongoni mwa wanawake wa mwaka ule lilikuwa moja.

Walikaa yeye na Ombui kwenye kilima kilicho juu ya soko la Keumbu. Walikuwa na chai kidogo, ndizi za kutosha, ng'ombe mmoja wa maziwa, nyumba ya mabati na jiko la nyasi pembeni. Chini kidogo katika boma hilohilo aliishi mama yake Ombui, Bitutu, mjane aliyeweza kunyamaza kwa mwezi mzima akitaka kukuonyesha kwamba umekosea.

Mwaka wa uhuru Mgiriki mmoja alipata kandarasi ya kutengeneza kipande cha barabara, akapiga kambi karibu na soko. Ombui alipata kazi ya kuponda mawe. Bathsheba alikuwa akipeleka ndizi kambini, na siku moja alimkuta mke wa Mgiriki, Mama Despina, amesimama mlangoni na beseni la vitunguu vidogo kama gololi, akigomba. Msichana aliyekuwa akivimenya alikuwa ametoroka, macho yamemvimba. Bathsheba akatua mzigo wake, akaketi chini, akamenya beseni lote bila chozi hata moja.

"Wewe hapana lia?" aliuliza Mama Despina, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kambini.

"Nimezaa mara nne," alisema Bathsheba. "Kitunguu ni nini?"

Akaajiriwa siku hiyo hiyo.

Siku ya tatu alimwuliza yule mama kwao ni wapi. Mama Despina akataja mji wa Thesalonike. Bathsheba akashika mdomo. Jioni alimwambia mumewe, "Baba, wale watu walioandikiwa barua na Paulo, wapo. Mimi ninawaoshea sufuria."

"Wakorintho?"

"Wathesalonike. Wakorintho sijui."

Kwa miaka mitatu alijifunza jiko la Wathesalonike. Kulikuwa na nyama moja ya ng'ombe ambayo Mama Despina aliita stifado, na ilikuwa na adabu zake. Nyama haikatwi vipande vidogo vya kuhesabu, inakatwa vikubwa, kama ngumi ya mtoto. Inakaangwa kwanza mpaka ishike rangi. Vitunguu vinatiwa vizima, vingi, karibu vilingane na nyama. Halafu nyanya, siki, mdalasini mmoja, karafuu nne, jani kavu la kunukia, na kikombe cha mvinyo mwekundu. Baada ya hapo mpishi anafunika na kuondoa mikono.

"Pole pole," Mama Despina alimwambia kila mara alipomwona akiukaribia mfuniko. "Wewe fungua, nyama iko na hasira. Wewe acha, nyama iko rafiki."

Na hakuiacha motoni. Chini ya kitanda cha Mama Despina kulikuwa na sanduku lililojaa nyasi kavu na blanketi la sufu. Chungu kilipokwisha kuchemka vizuri kwa saa nzima kilitolewa motoni kikifoka, kikazikwa humo, na juu yake ukawekwa mto wa nyasi. Nyama ikajipikia yenyewe kwa ule moto iliokwenda nao. Mama Despina alieleza kwamba alifundishwa na mama yake wakati wa vita, makaa yalipokosekana kabisa mjini kwao na familia nzima ikapikia nguvu ya vipande vitatu vya kuni. Alipofika hapo alinyamaza, na Bathsheba hakumwuliza zaidi. Watu wawili waliowahi kulala na njaa hawana haja ya kuelezana.

Barabara ilipokwisha, mwaka wa sitini na sita, Mama Despina alimpa chungu chenyewe, cha chuma kizito, na mfuniko wake. Bathsheba alikipandisha kichwani akapita nacho katikati ya soko la Keumbu.

"Bathsheba, Mgiriki amekupa kofia?" wanawake walimcheka.

"Ndiyo. Na wewe endelea kungoja, atakuja mwingine akupe viatu."

Nyumbani alibadilisha mambo matatu. Mvinyo haukuweza kuingia katika nyumba ya Msabato, hivyo akautoa na mahali pake akakamua matunda damu, yale ya mtini yanayofanana na nyanya, mekundu na makali vilevile. Nyasi aliziacha, akatumia majani makavu ya migomba, ambayo kwake yalijiangukia bure. Na sanduku lilikuwa lile la mbao nyepesi la kiwanda cha chai, lililobandikwa karatasi ya kung'aa ndani, alilobadilishana na mtu kwa kuku.

Jambo alilolipenda zaidi aliligundua mwenyewe, na Mama Despina hakulifikiria, maana hakuwa Msabato. Watu wa kilima kile hawakuwasha moto kuanzia Ijumaa jua likizama mpaka Sabato jua likizama. Walipika Ijumaa. Sabato mchana walikula ugali uliolala, maharagwe yaliyolala na mboga zilizoganda mafuta, katika nchi ambayo mvua ya saa nane inaingia mpaka mifupani. Bathsheba akaona kwamba akizika chungu chake Ijumaa kabla jua halijazama, Sabato baada ya ibada anakifukua kikiwa bado na mvuke. Moto hakuwasha. Kuni hakugusa. Alikula na mumewe na watoto, wakashukuru.

Nyama ilikuwa ghali, kwa hiyo ilikuwa mara nne au tano kwa mwaka. Jirani walinusa tu. Bitutu hakuwahi kuionja. Kila alipoletewa bakuli alilirudisha. "Nyama yenye dawa ya kikohozi ndani," alisema kwa sababu ya ule mdalasini. "Mpe mtoto mwenye kifua."

Mambo yaliharibika Agosti ya mwaka wa sabini na moja. Mchungaji mgeni alikuja kuhubiri, na kama ilivyo desturi, chakula chake cha Sabato kililiwa nyumbani kwa mzee wa kanisa. Mzee huyo alikuwa Ratemo, mdogo wake marehemu baba yake Ombui. Kila mwanamke alipeleka bakuli lake. Bathsheba alipeleka la nyama. Mchungaji aliomba, akafungua macho, akachota kijiko kikubwa kwa imani kwamba chakula ni cha jana kama vingine, akakitia mdomoni.

Alipiga kelele. Machozi yakamtoka. Alikunywa maji vikombe viwili, akasema kwa ulimi mzito, "Tamu sana," akachota tena, safari hii akipuliza.

Ratemo hakula. Alilitazama lile bakuli likitoa mvuke saa saba ya mchana siku ya Sabato, nyumbani kwake, mezani kwake, mbele ya mgeni.

Jumanne, Gesare alipanda kilima. Sasa alikuwa shemasi, na alikuwa na uso wa mtu aliyetumwa.

"Dada, baraza la kanisa limekaa. Wanasema uliwasha moto Sabato. Wanasema uungame tu, ukae nje ya meza ya Bwana miezi mitatu, iishe. Usipoungama, jina linafutwa kitabuni."

"Jina gani?"

"Lako."

Bathsheba alikuwa akichambua mboga. Aliendelea mpaka akamaliza fungu alilokuwa nalo mkononi.

"Nikiungama moto ambao sikuwasha, nitakuwa nimesema uongo mbele ya kanisa. Wao wanaona dhambi ipi ni nafuu?"

"Basi waeleze hiyo sanduku. Mimi mwenyewe sijawahi kuielewa. Nenda ueleze polepole."

"Waliniuliza?"

"Hawakuuliza, lakini..."

"Mtu akiniuliza, ninajibu. Mtu akinihukumu kwanza, simfuati na maelezo kama muuza sabuni. Mwambie baba Ratemo aje akae jikoni kwangu kuanzia Ijumaa mpaka Sabato mchana, aone."

"Bathsheba! Unajua hawezi."

"Najua hawezi. Sasa mtu asiyeweza kukanyaga jiko langu amejuaje kilicho katika mafiga yangu?"

Kwa Wakisii, baba mkwe na ndugu zake hawaingii nyumba ya mke wa kijana wao, wala jiko lake. Ni heshima kubwa, na anayeivunja anavunjika nayo. Ratemo angeweza kuishi miaka tisini akila chakula cha Bathsheba na asijue mlango wake unafungukia upande gani.

Gesare alipowapelekea maneno hayo, baraza likakubali kwamba awekwe mtu wa kulinda jiko. Awe mwanamke, awe mwaminifu, asiwe rafiki wa mshtakiwa. Hawakuhitaji kutafuta sana. Walimchagua Bitutu.

"Mama yangu?" Ombui alisema alipopewa habari. Alikuwa mtu wa kukubaliana na pande zote, na sasa pande zote zilikuwa ndani ya boma lake. Akamgeukia mkewe, akamwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. "Si ni afadhali uungame tu, mama Manasseh? Miezi mitatu ni kama msimu mmoja."

"Nyamaza baba. Nipe pesa ya mdalasini."

Alhamisi alishuka mjini Kisii mpaka duka la Mhindi aitwaye Bharat. Alikuwa mteja wa zamani. Bharat alimpimia karafuu, akamtolea mdalasini na kichupa kidogo cha mafuta ya zeituni ambacho watu wengine walinunua kwa kutia masikioni.

"Mama Bathsheba, kila mara mafuta haya. Nyumbani kwako ni nani anaumwa masikio hivyo?"

"Hakuna. Ni ya kukaangia nyama ya ng'..."

"Tafadhali!" Bharat alitupa jicho nyuma, kwa mama yake Lalita, aliyekaa juu ya mto akichagua mchele, na ambaye maishani mwake hakuwahi kula hata yai. "Mama anasikia."

"Mimi nasikia," alisema Lalita bila kuinua kichwa. "Yeye nunua mdalasini. Mimi hapana uliza sufuria yake."

Bathsheba alimgeukia yule mwanamke. "Mama," alisema, "laiti ungekuwa katika baraza la kanisa letu."

Ijumaa mchana Bitutu alifika jikoni na blanketi lake, fimbo yake, na kigoda chake mwenyewe, ili asikalie cha mtu. Aliketi karibu na mlango. Bathsheba alikata nyama ya shingo ya ng'ombe, ile ngumu, inayohitaji subira. Akaikaanga. Akatia vitunguu vizima, na vilipoanza kung'aa akatia nyanya, siki, maji ya matunda damu, na vikolezo. Harufu ikajaa jikoni, ikapanda kwenye nyasi za paa, ikashuka. Bitutu alivuta leso akafunika pua. Baada ya muda Bathsheba akaona leso imeteremka mpaka kidevuni.

Chungu kilichemka saa nzima. Jua lilipoegemea vilima vya upande wa ziwa, Bathsheba alikitoa kikifoka, akakizika katika majani, akaweka mto wa majani juu yake, akalifunga sanduku zima kwa kamba ya katani na fundo lake la siku zote, lile la kuvuta ncha moja likafunguka. Kisha akatoa vinga vyote nje, akavizima kwa maji mbele ya mama mkwe. Akalainisha majivu kwa jani mpaka yakalala kama unga uliochekechwa. Bitutu akainuka, akachora mstari kati ya mafiga kwa fimbo yake, kutoka figa hadi figa. Atakayewasha moto hapo ataufuta mstari.

"Sabato njema, mama," alisema Bathsheba.

Bitutu aliitikia kwa kichwa.

Alfajiri Bathsheba alikwenda kukamua ng'ombe, kazi ambayo Mungu mwenyewe hakuikataza, maana kiwele hakingoji. Alipokuwa akipita na ndoo alisikia kitu kikigonga ndani ya jiko, kisha majani yakichakacha haraka haraka. Bitutu akatoka mlangoni, amejifunika leso mpaka shingoni.

"Sabato njema, mkaza mwana," alisema.

Bathsheba nusura amwage maziwa. Katika miaka yake yote ya ndoa, mama mkwe hakuwahi kutangulia kumsalimu.

Kanisani ilionekana ajabu nyingine. Bitutu alimsalimu mke wa karani kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia aliuficha ndani ya leso. Alipopewa kitabu cha nyimbo alitikisa kichwa, ingawa alipenda kukishika, hata kama alikishika juu chini. Watu walidhani ni uzee. Bathsheba hakuona, maana alikuwa ametazama mbele tu, pale mezani palipokuwa na kile kitabu kikubwa.

Saa saba baraza lilikuwa uani kwa Ombui. Watu watano, na Gesare. Ratemo alikalia kiti alicholetewa, akakigeuza ili mgongo wake uelekee jiko. Sanduku lilitolewa nje. Bitutu aliulizwa kuhusu majivu.

"Mstari upo," alisema. "Hakuna aliyeugusa."

"Ombui," Ratemo alisema, kwa sababu hakutaka kusema na mke wa kijana wao uso kwa uso, "mwambie huyo mama afungue."

"Mama Manasseh, baba anasema ufungue."

"Mwambie baba nimesikia. Masikio yangu hayana kosa."

"Baba, anasema amesikia."

"Na mimi nimesikia kwamba amesikia," alisema Ratemo.

Bathsheba alipiga magoti mbele ya sanduku, akashika ncha ya kamba, akavuta. Kamba haikufunguka. Aliinama akatazama. Lile halikuwa fundo lake. Lilikuwa fundo la mara mbili, lililobanwa kwa goti, lile ambalo wanawake wazee wa kilima hufungia mzigo wa kuni ili usimwagike njiani. Na mto wa majani ulikuwa umekaa upande, umeacha pengo la ngumi nzima.

Alijua kabla ya kugusa chungu. Aliinua mfuniko. Mvuke haukutoka. Mafuta yalikuwa yameganda juu, ya rangi ya machungwa, kama barafu chafu.

Watu waliinuka kuchungulia. Karani alitia kijiko, akaonja. "Nyama ni laini," alisema kwa huzuni. Alikuwa mtu mwema. "Lakini ni baridi kabisa."

"Baridi," alisema Ratemo. "Kama chakula cha kila mtu. Sasa mwambieni atueleze, ile iliyomchoma mchungaji ilipata wapi joto?"

Gesare alikuwa akimwangalia Bathsheba kwa macho ya kusihi, kama mtu anayetaka kumvuta mwenzake shimoni. Bathsheba alikuwa bado amepiga magoti, kidole chake juu ya lile fundo. Ilitosha kusema maneno matatu. Ilitosha kusema, *tazameni fundo hili*. Gesare angelitambua mara moja, na kila mmoja angegeuka kumtazama Bitutu, mwenye umri wa kuwa bibi yao, mjane wa kaka yake mzee wa kanisa, aliyewekwa alinde na akaiba.

Aliona miguu ya mama mkwe kando ya kigoda. Ilikuwa imekauka, imepasuka visigino.

Akakumbuka Mama Despina alivyonyamaza alipofika pale penye vita.

Akaurudisha mfuniko.

"Leo imepoa," alisema. "Sina la kueleza."

"Mama Manasseh!" alisema Ombui.

"Nimesema imepoa. Mtu asiyeona ni nani?"

Ratemo alishusha pumzi ndefu. Haikuonekana kwamba alifurahi. "Basi imesema yenyewe. Karani, kesho utafungua kitabu."

"Kesho utafungua mdomo wako upate chakula, shemeji, na leo utaufunga," alisema Bitutu.

Watu waligeuka. Alikuwa amesimama. Akautoa mkono wa kulia ndani ya leso akaunyoosha mbele, na kwenye vidole viwili kulikuwa na malengelenge, meupe, yamevimba kama maharagwe yaliyolowekwa.

"Ni mimi," alisema. "Miaka mitano hii nanusa hiyo nyama kutoka kwangu kule chini. Miaka mitano naambiwa kuleni mama, nakataa, kwa sababu nilishasema ni dawa ya kikohozi, na mimi nikisema nimesema. Leo alfajiri nilikuwa peke yangu nayo. Majivu yalikuwa baridi, nilitia kiganja. Nikasema acha nione huo uongo. Nikafungua, nikaingiza mkono nitoe kipande, niliunguzwa nikaita jina la mama yangu. Na hapo moto haukuwapo tangu jana! Nikasikia ndoo ya mkaza mwana, nikafunika vile vile, nikafunga. Kikapoa kwa sababu yangu."

"Shemeji..." alisema Ratemo.

"Sijamaliza. Nilikula vipande vitatu." Alifikiri. "Vinne."

Karani alikohoa ndani ya mkono wake. Gesare alikuwa amejifunika uso, mabega yakicheka.

Ratemo alikaa akiutazama ule mkono. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa kwamba akilegeza uzi mmoja, Sabato yote itafumuka mikononi mwake. "Hata kama moto haukuwashwa," alisema taratibu, "chakula kilikuwa kinaiva. Kinaiva Sabato. Hiyo si kazi?"

"Kazi ya nani?"

"Ya... ya chungu."

"Shemeji, una shimo la ndizi nyuma ya nyumba yako. Ulizifukia Jumatano na majani juu, ziive. Leo zinaiva ama zimepumzika?"

Ratemo akatazama upande wa nyumbani kwake.

"Nenda ukazifukue uzikemee. Tutakungoja hapa."

Hapo hata Ombui, aliyekuwa hajawahi kumcheka baba yake mdogo, alicheka akajikuta hawezi kuacha. Ratemo akavumilia mpaka kicheko kikaisha. Kisha akasema, bado kageuzia jiko mgongo, "Ombui. Mwambie mama huyo kwamba jina lake halitaguswa. Na mwambie... mwambie kwamba ilinipasa nimwulize kwanza."

Ombui akafungua mdomo apeleke ujumbe.

"Mwambie nimesikia," alisema Bathsheba.

Wakaila ile nyama ikiwa baridi, wote, uani, na ugali uliolala. Mafuta yaliyoganda waliyasukuma kando. Ratemo alikula mabakuli mawili bila kusema ilivyo, na hakuna aliyemwuliza. Bathsheba alimpaka mama mkwe asali kwenye vidole, akavifunga kwa kitambaa. Hawakuzungumza jambo hilo tena, si siku ile wala baadaye. Walikuwa wamefanana mno kuweza kulizungumza.

Ila Ijumaa nyingine ya kupika nyama, mnamo Oktoba, Bitutu alikuja jikoni bila kuitwa, akaketi kwenye kigoda cha Bathsheba, akatazama kazi yote tangu kitunguu cha kwanza. Sanduku lilipofungwa kwa lile fundo la kuvuta, alitoa sauti ya dharau puani.

"Hilo ndilo fundo? Hata paka analifungua."

"Limenitosha siku zote, mama."

Bitutu akasukuma mkono wake, akabana sanduku kwa goti, akalifunga yeye. Bathsheba alisimama akaangalia, mikono kiunoni, uso umekaza. Alisema kwamba litawasumbua kulifungua. Alisema kwamba Mthesalonike mwenyewe hakufunga hivyo.

Lakini Sabato mchana chungu kilitoka kikiwa cha moto kuliko siku zote, na tangu hapo, mpaka Bitutu alipozikwa na hata baadaye, Bathsheba alilifunga sanduku lake kwa fundo la kuni. Ukimwuliza alijifunza wapi, alisema alikuwa akilijua tangu zamani.